Asiwe na Mtoto: Sharti Linalodai Sababu

Toleo hili linahusu sheria zinazoamua nani avae magwanda ya nchi hii na nani aishie getini. Dodoma ni mahali pake hasa pa kulizungumzia jambo hili. Bunge liko hapa, Makao Makuu ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yako Chamwino, kambi ya Makutupora iko jirani, na mabinti wanaosubiri matangazo ya kujiunga ni wa hapa hapa Majengo na vijiji vinavyotuzunguka. Tunachodai ni kwamba sheria za Tanzania hazimkatazi mwanamke kuwa askari. Kinachowakwamisha wengi ni sharti linalojirudia katika matangazo ya vyombo vya ulinzi na usalama, kwamba mwombaji awe hajaoa au kuolewa na asiwe na mtoto, tena limewekwa bila maelezo yoyote.

Katiba imeshasema ya kwake. Ibara ya 28 inampa kila raia wajibu wa kuilinda nchi, na tangu mabadiliko ya mwaka 2000, ibara ya 13 inataja jinsia miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. JKT iliyoanzishwa Julai 1963 ikawa ya lazima kwa wasomi mwaka 1966, ikasitishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Binti anayemaliza kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria kama anavyoitwa kaka yake, na orodha ya vifaa ni ile ile: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Tangu tarehe 19 Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke, na Septemba mwaka huo Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Ulinzi. Ngazi ya juu imefunguka. Ya chini bado ina kizuizi.

Sheria inayostahili kusomwa kwa makini hapa ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 2 kinawaweka kando wanajeshi, polisi, magereza na JKT, na watu wengi huishia hapo wakidhani mjadala umekwisha. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba vifungu vya 5, 6 na 7 vitawahusu. Cha 7 ndicho kinachokataza ubaguzi kazini, na kinataja waziwazi jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Aidha, kinahesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi, na matangazo pamoja na vigezo vya kuchagua watu kuwa sehemu ya mwenendo wa mwajiri. Miongoni mwa milango iliyoachwa wazi, unaoweza kuhusika hapa ni mmoja: tofauti inaruhusiwa pale inapotokana na hitaji la msingi la kazi yenyewe. Kwa hiyo anayeweka sharti la mtoto ndiye anayedaiwa kuonyesha kwamba kazi ya askari haifanyiki na mtu aliyewahi kuzaa.

Wapo watakaosema sharti hili ni la wote, wa kiume na wa kike. Kwa maneno, ndiyo. Lakini kijana aliyempa mtu mimba hujaza fomu akapita, kwani hakuna daktari anayeweza kumpima akagundua kuwa ni baba. Msichana hukutwa na kovu la upasuaji au michirizi ya tumbo, na safari yake huishia hapo. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 39 ya wasichana wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, kifungu ambacho Mahakama ya Rufani ilikubali Oktoba 2019 kwamba kinakiuka Katiba. Novemba 2021 Serikali ikaruhusu waliojifungua warudi shuleni, uamuzi tunaoupongeza kwa moyo wote. Basi mtoto wa kike aozwe na wakubwa, arudishwe darasani na Serikali, afaulu, kisha chombo cha Serikali hiyo hiyo kimwambie cheti chake hakitoshi kwa sababu ana mtoto?

Hoja nzito zaidi ya wanaolitetea sharti hili ni ya mafunzo. Miezi ya kuruta ni ya mbio, njaa na usingizi wa mang'amung'amu. Mjamzito hawezi kuyapitia bila kuhatarisha maisha mawili. Tunalikubali hilo bila ubishi. Kenya hudai katika matangazo ya jeshi lake kwamba mwombaji wa kike asiwe mjamzito wakati wa kuandikishwa wala wakati wa mafunzo. Sharti hilo lina mwisho, maana mimba hufika ukingoni. Kuwa na mtoto hakuna mwisho, na mtoto wa miaka mitatu anayelelewa na bibi yake Bahi hapunguzi shabaha ya mama yake.

Wengine wataonya kwamba mahakama na magazeti hayapaswi kuliingilia jeshi. Ulaya imelipima jambo hili pande zote mbili. Oktoba 1999 Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya iliiruhusu Uingereza kumkatalia Angela Sirdar, mpishi, nafasi katika kikosi cha Royal Marines, kwa kuwa humo hata mpishi hupigana mstari wa mbele. Januari 2000 mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Tanja Kreil, fundi wa elektroniki, ikaiambia Ujerumani kwamba haiwezi kuwafungia wanawake karibu kazi zote za silaha. Ujerumani ikarekebisha Katiba yake mwaka huo huo. Jeshi la Uingereza lilishinda kwa kutoa sababu inayohusu kazi, na hicho tu ndicho tunachokiomba hapa.

Bajeti ya Wizara ya Ulinzi hujadiliwa jijini humu kila mwaka. Tunawaomba wabunge waulize sharti la mtoto linasimama juu ya kifungu gani, na kama hakipo, liondolewe kabla ya tangazo lijalo, libaki lile la ujauzito wakati wa mafunzo.