Nyigu wa Mjomba karudi barabarani

Najua wiki iliyopita nilikuahidi habari ya kununua suti ya mtumba bila kulizwa. Suti itasubiri. Kuna jambo limetokea Magomeni kwa Mjomba, na nikilibania mpaka wiki nyingine nitapasuka.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Wewe kijana wa leo huujui uzito wa neno hilo. Miaka ya themanini, ukiwa na mjomba baharia, hata wababe wa mtaa walikusalimia kwanza, maana raba, jinzi na kaseti viliingia kwenu kabla ya kufika duka lolote. Mwaka 1986 meli yao ilitia nanga Yokohama, na aliporudi alikuwa na boksi lenye picha ya gari jeusi la mashindano likitimua vumbi. Tukalifungua kwa mbwembwe. Ndani hamna gari! Vipande vitupu, skrubu kwenye vifuko, na kitabu cha michoro. Bibi akatikisa kichwa: "Mwanangu, Wajapani wamekuliza."

Kumbe ndivyo yanavyouzwa. Unanunua vipande, unaunga mwenyewe. Gari lenyewe linaitwa Hornet, yaani nyigu, la kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka. Lilitoka mwaka 1984, na ni dogo mara kumi kuliko gari la kweli. Usilichanganye na vile vigari vya rimoti vya sikukuu ambavyo vikianguka mara moja ndiyo basi. Hili lina difu, lina shokapu za mafuta, na kila kitu ndani yake kinafunguka na kufungwa upya. Nyigu wa Mjomba alitetemesha Magomeni nzima.

Jumapili jioni Mjomba alikuwa analitoa kwenye uwanja wa shule. Rimoti haguswi mtu. Kazi yetu watoto ilikuwa kulikimbilia likipinduka, na yeye kule nyuma anapiga kelele: "Usilishike bodi! Shika chesisi!" Na kupinduka lilikuwa linapinduka kweli. Nyuma, mota, giaboksi na ekseli vimeshikana kitu kimoja, vinapanda na kushuka pamoja, kwa hiyo likikuta kishimo linaruka kama mbuzi aliyeng'atwa na siafu. Mafundi wa magari haya wanaucheka mtindo ule mpaka leo. Sisi ndio tulioupenda.

Basi bwana, miaka ikaenda. Mjomba akaacha bahari, gari likaingia stoo. Mwaka juzi akapatwa na kiharusi. Mungu mkubwa, maneno yamerudi, mguu umerudi kiasi, ila mkono wa kushoto umegoma kabisa. Mtu aliyezunguka bandari zote hizo sasa anashinda barazani anahesabu bodaboda. Mwezi wa tatu mkewe, Mama Zuhura, akawa anasafisha stoo, akaniita: hili boksi la takataka nilitupe? Moyo ukanipiga. Nikamwambia nipe mimi, na Mjomba usimwambie.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba gari la miaka arobaini haliharibiki kwa kuendeshwa. Linaharibika kwa kuwekwa. Betri ya zamani, zile za nikeli na kadmiamu, ilikuwa imetapika unga mweupe na kula waya. Ukikuta unga ule usiuguse kwa mkono mtupu. Mimi nilivaa glavu, nikasugua vituo kwa mswaki wenye siki kidogo, nikafuta, nikakausha. Betri yenyewe haifufuki. Matairi yalikuwa yamekauka na kupasuka kama visigino vya kipupwe. Grisi ya kwenye giaboksi imekuwa gundi.

Skrubu nazo zina visa vyake. Skrubu za Kijapani za wakati ule zina tundu la msalaba ambalo si sawa na bisibisi yetu ya msalaba ya kila siku. Inaingia, unadhani imekaa, ukikaza inateleza na kula kichwa cha skrubu. Niliharibu mbili kabla fundi mmoja wa pikipiki hajanicheka na kuniazima bisibisi yake ya Kijapani. Skrubu zilizobaki zikatoka kama siagi.

Mota nayo nikaifungua. Ni ile inayoitwa 540, na ndani yake kuna kaboni, kama za mota ya cherehani ya umeme. Nikasafisha kwa spiriti, nikatia tone moja la mafuta kila upande wa shafti, nikaiunga na betri. Ikazunguka! Jamani, nilipiga kelele mke wangu akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Sasa hapa dogo wangu akaingilia. Huyu ana miaka kumi na saba na simu, kwa hiyo anajua kila kitu. "Baba, toa hilo dude, weka mota mpya isiyo na kaboni, weka betri ya lithiamu, linapaa!" Nikamwambia kitu kimoja ambacho nakwambia na wewe kama una gari la aina hii. Mota zile mpya zina nguvu za kutisha, na gia za Nyigu zilipimwa kwa 540. Ukimfungia punda injini ya lori, kinachokatika ni punda. Na betri ya lithiamu ya seli mbili ukiitumia mpaka seli ikashuka chini ya volti 3, umeiua. Ukiichaji hovyo inaweza kuwaka moto. Mtu akiiweka lazima awe na kifaa cha kukata umeme mapema, chaja yake maalumu, na asiiache ikichaji amelala. Mimi nyumba yangu ni ya kupanga. Nikachukua betri ya nikeli na haidraidi, volti 7.2 vilevile, haina makuu.

Nikakubali jambo moja tu. Magurudumu yalikuwa yanazunguka juu ya bushi ngumu, na bushi zile zikiingiwa na vumbi zinakula shafti. Nikaweka beringi, zile za tundu milimita 5 na upana wa nje milimita 11. Ukisukuma gurudumu kwa kidole linazunguka mpaka unachoka kungoja. Kama una hela ya kitu kimoja tu, msomaji wangu, nunua beringi.

Vingine vyote nikajiapiza: kama kilivyotoka Yokohama, ndivyo kirudi. Bahati nzuri mwaka 2004 Tamiya walilitoa gari hili upya, kwa hiyo vipuri vipo. Mshikaji wangu aliyeko Dubai akaniletea matairi na bodi. Bodi ni plastiki angavu, unaipaka rangi kwa ndani, ndiyo maana inang'aa na haichubuki ikisugua chini. Bodi ya zamani iliyopasuka sikuitupa. Niliishika kwa ndani kwa kitambaa cha nailoni na gundi ya viatu, nikaifunga tena juu ya gari. Mpya nikaiweka kabatini. Mikwaruzo ile naijua mmoja mmoja, mmoja wao ni wangu.

Hata kile kifaa cha zamani cha spidi nilikiacha. Hebu nikueleze kilivyo, maana hutakiona tena. Hakuna elektroniki. Kuna kamota kadogo, sevo, kanakosukuma mkono wa shaba juu ya vituo vya shaba: spidi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya kwanza na ya pili umeme unapitishwa kwenye rezista, na nguvu isiyotakiwa inageuka joto. Ukiigusa unaungua. Kwa lugha nyingine, gari likienda polepole linakula betri kupikia hewa. Upuuzi mtupu, lakini ni upuuzi wa Mjomba, nikausafisha kwa msasa mwembamba nikaurudisha.

Jumamosi hiyo nikaenda Magomeni. Gari nimelifunika kanga. Rimoti ya zamani nimeitia betri ndogo nane mpya, antena naivuta ndefu kama fimbo ya kuvulia samaki. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, mjomba, umeniletea nini?" Nikafunua. Mzee alinyamaza. Akalipapasa lile gari kwa mkono wa kulia, akazungusha gurudumu, akalisikiliza. Macho yakajaa. Mimi kichwa kimevimba, namtazama dogo kama kumwambia unaona? Nikampa rimoti.

Rimoti ile ina vijiti viwili. Cha kushoto mafuta, cha kulia usukani. Mjomba akaishika kwa kulia, akaiweka juu ya paja, kidole gumba cha kulia kikakaa pale pale kilipokuwa kinakaa mwaka 1986. Mkono wa kushoto ukabaki umelala kwenye kiti. Akautazama. Akatutazama. Kisha akanirudishia ile rimoti taratibu, akasema, "Endesheni nyie, mjomba. Mimi nitaangalia."

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Miezi minne nabishana na mtoto kuhusu mota na skrubu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mwenye gari ana mkono mmoja.

Njiani tukirudi kwenye daladala hatukusemeshana mpaka Fire. Hapo dogo akasema polepole, "Baba, rimoti za ndege." Zipi? Akanionyesha kwenye simu. Rimoti za kisasa za kurushia ndege ndogo, za gigahezi 2.4, nazo zina vijiti viwili, lakini kile cha kulia peke yake kinakwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia, na ukikiachia kinarudi katikati. Sevo ya usukani unaichomeka kwenye chaneli ya kwanza, spidi unaichomeka kwenye ya pili. Kijiti cha kushoto unakiacha kimelala chini, hakina kazi. Mkono mmoja, basi! Mtoto wa simu, nimekukubali.

Hapo kiapo changu cha Yokohama kikafa. Tukatoa kile kifaa cha shaba na rezista yake, tukaweka kontrola ya elektroniki ya mota ya kaboni, ndogo kama kiberiti, inayopandisha spidi bila ngazi na kuilisha risiva umeme humo humo. Redio ya zamani ilikuwa ya megahezi 27, na wawili mkiwa na kristali za namna moja kila mtu anaendesha gari la mwenzake. Hizi mpya zinajuana zenyewe, hazigombani. Dogo akalehemu waya, mimi nikashika taa. Mkao ukageuka kinyume, kusukuma mbele gari linarudi nyuma, akabonyeza kitu kwenye menyu, likanyooka. Vya zamani vyote nimeviweka kwenye kopo la biskuti, nimeandika jina. Rimoti yenyewe tukaifunga kwenye kibao kinachokaa mapajani, maana huwezi kushika na kuendesha kwa mkono huo huo.

Na kwa woga wangu nikamwambia dogo apunguze spidi kwenye rimoti, iwe nusu. Mgonjwa yule!

Jumamosi iliyopita tukamketisha Mjomba kwenye kiti pembeni ya ule ule uwanja wa shule. Akasukuma kijiti. Gari likaenda. Likapinda kulia, likapinda kushoto, likarudi. Watoto wa mtaa wakaanza kujaa. Mzee akazunguka mara tatu, akasimamisha, akanigeukia amekunja uso: "Mjomba, nani amelifungia breki gari langu?"

Dogo akacheka mpaka akakaa chini. Tukarudisha spidi yote. Mzee akalipeleka moja kwa moja kwenye kichuguu cha katikati, likaruka kimbuzimbuzi kama enzi zile, likapinduka, matairi juu, yanazunguka. Katoto kamoja ka miaka minane kakachomoka mbio kulikimbilia, na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kiharusi, kubwa, ya melini:

"Usilishike bodi! Shika chesisi!"

Betri ilidumu dakika kama ishirini. Lilipozima Mjomba hakuuliza gari limekuwaje wala nani kalitengeneza. Aliuliza betri ya pili iko wapi. Haya naandika nikiwa Kariakoo, naitafuta. Suti wiki ijayo, Inshallah.