Gari lina mbio, mwili wako hauna

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wale waliojinyima miaka kadhaa, wakachukua mkopo wa chama cha akiba na kuagiza kutoka Japani gari lenye injini ya turbo, basi msomaji, ukurasa huu leo ni wako. Sikusudii kukuambia uliuze. Gari zuri ni raha, na anayesema vinginevyo ama hajawahi kulikalia, ama anakuonea gere. Ninalotaka tuzungumze ni jambo ambalo wakala wako hakukuambia siku uliyokabidhiwa funguo: kwamba gari hilo na mwili wako havikuundwa na fundi mmoja.

Tuanze na malalamiko yenu, maana nayasikia kila mahali, kinyozini, matangani, hata kanisani baada ya ibada. Eti mtu analo gari linaloweza kwenda 180, na serikali inamtaka atambae kama mkokoteni wa maji. Katika Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa 2022, kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Mijini na penye vituo vya biashara ni 50. Hata katika barabara kuu iliyo pana kuliko zote, gari la kibinafsi haliruhusiwi kupita 110. Kisha yupo afisa wa trafiki mwenye kamera ya mkono, amesimama kando ya kichaka mahali ambapo lami imenyooka na mguu wako umekuwa mzito. Kanuni za 2016 ziliweka hata bei yake: ukizidisha kilomita 6 hadi 10, Sh500, 11 hadi 15, Sh3,000, 16 hadi 20, Sh10,000.

Uchungu huo naufahamu. Lakini kumbuka kwamba huko gari lilikotoka, barabara nyingi za kasi zina kikomo cha 100, na ni vipande vichache tu vilivyoruhusiwa rasmi 120 kuanzia 2020. Yule Mjapani aliyeliendesha kabla yako naye alikuwa na mshale uliochorwa hadi 180, na hakuwa na mahali pa kuufikisha. Labda ndiyo maana ulilipata likiwa katika hali nzuri.

Sasa tuje kwenye afya. Mwanadamu mwenye mbio kuliko wote waliowahi kupimwa, Usain Bolt, alipovunja rekodi ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, hakufikisha kilomita 45 kwa saa hata pale alipokuwa na kasi zaidi. Mifupa yetu, macho yetu na masikio yetu ni ya kiumbe wa mwendo huo. Zaidi ya hapo tunaazima, na mwili hauna kiungo chochote cha kutuambia tumeazima kiasi gani.

Jaribu kukumbuka mara ya mwisho ulipotoka safari ya mbali. Umekwenda kwa 100 muda wa saa nzima, kisha ukaingia mjini ukapunguza hadi 60. Je, hukuhisi kana kwamba gari limesimama, na ungeweza kushuka na kutembea kando yake? Hiyo si hisia ya uvivu. Ni ubongo uliozoea. Macho yakishatazama vitu vikipita kwa kasi kwa muda mrefu, ubongo huacha kuihesabu kasi hiyo na kuifanya ndiyo kawaida. Ndipo dereva anapoingia mtaani mwake, penye watoto wanaocheza na mama anayeuza mboga, akiwa katika 70, huku akiapa kwa jina la Mungu kwamba anakwenda polepole. Hasemi uongo. Mwili wake ndio unaomdanganya.

Gari la kasi linauzidishia mwili uongo huo, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu leo. Gari kuukuu lilikuwa mwalimu mkali. Likifika 90, vioo vilitetemeka, upepo ulipiga mluzi mlangoni, na mikono yako ilikufa ganzi kwenye usukani. Masikio ni sehemu kubwa ya jinsi tunavyoikadiria kasi. Dereva akinyimwa sauti ya injini na ya magurudumu, hudhani anakwenda taratibu kuliko hali halisi. Nawe umelipa maelfu ya shilingi zaidi ili unyimwe sauti hizo! Umekaa kwenye kiti laini, muziki unacheza, na 120 inafanana na 70 ya gari la marehemu baba yako. Kwa hivyo anayesema "mimi najua kasi yangu, sihitaji kuangalia mshale" anaweza kuwa dereva hodari, lakini anakitegemea kipimo kilichoharibika.

Matokeo ya kosa hilo dogo ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua madereva wawili, magari yao sawa, breki zao nzuri, lami ni kavu. Mmoja yuko katika 80, mwingine katika 100. Mtoto anachomoka mbele yao. Kila dereva huchukua kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kukanyaga breki, na wakati huo wote gari bado linakwenda vile vile. Wa kwanza atasimama baada ya takriban mita 68. Sasa, msomaji, wa pili akifika kwenye mita hiyo ya 68, unadhani atakuwa katika mwendo gani? Wengi hujibu 20, kwa kuwa hiyo ndiyo tofauti ya mwanzo. La hasha. Bado atakuwa katika kilomita 70 na ushei kwa saa. Ametumia mita 42 kabla hata breki hazijaanza kushika. Yule wa kwanza amesimama, mtoto amepata hofu tu. Huyu wa pili amemgonga kwa mwendo ambao ni wachache mno hupona.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema hivyo kwa miaka: wastani wa kasi ukipanda kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia nne. Na anayekwenda kwa miguu akigongwa na gari lililo katika 65, hatari yake ya kufa ni mara nne na nusu ya ile ya kugongwa na gari lililo katika 50. Nchini mwetu hili si jambo la vitabuni. Katika kila mmoja wa miaka ya 2022, 2023 na 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, ilihesabu zaidi ya watu 4,000 waliofariki barabarani, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wanaokwenda kwa miguu. Yaani wasio na gari la kasi wala la polepole.

Ndani ya gari nako kuna hesabu yake. Kugonga ukuta kwa 50 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa 100 si ghorofa ya sita, kwa sababu nguvu za mgongano huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili; ni takriban mita 40, ghorofa ya kumi na tatu. Na yule kijana anayejigamba kwamba usiku alifikisha 160 katika Barabara ya Thika, mwambie asimame siku moja chini ya jumba la KICC, ainue macho hadi juu kabisa. Jengo hilo lina mita 105. Mgongano wa 160 ni kuanguka kutoka mita 100.

Mkanda wa usalama na mifuko ya hewa husaidia, tena sana, na asiyefunga mkanda sina la kumwambia. Lakini mkanda hushika kifua chako, haushiki vilivyomo. Gari linaposimama ghafla, mwili husimama kwa mkanda, na ndani ya mwili ini, wengu na moyo bado viko safarini. Mshipa mkuu unaotoka moyoni unaweza kuchanika, na mtu asiye na hata mkwaruzo usoni akafa kabla ambulensi haijafika. Ubongo nao huelea ndani ya fuvu, hupiga mbele, kisha hurudi kupiga nyuma. Wanaopona majeraha ya namna hiyo wakati mwingine hurejea nyumbani wakiwa watu wengine: mpole amekuwa wa hasira, mhasibu hawezi kujumlisha. Wengine huvunjika uti wa mgongo. Pale Hurlingham, Nairobi, ipo hospitali ya kitaifa ya majeruhi wa uti wa mgongo, na mtu anayefikiria kununua gari la mbio angefaa kupita nje yake na kutazama, hata kwa dakika tano, viti vya magurudumu vinavyoingia na kutoka.

Kuna watakaonijibu kwa Safari Rally. Kwa kweli sisi ni taifa lililolelewa na mbio hizo tangu 1953. Wengi wa rika langu walilipenda Subaru kwa sababu ya kumwona Patrick Njiru akipita katika vumbi miaka ya 1990, na tangu mashindano hayo yaliporudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021 vijana nao wameambukizwa Naivasha. Sawa. Lakini mtazame vizuri huyo dereva wa rali. Amevaa kofia ngumu na nguo isiyoshika moto upesi. Amezungukwa na kizimba cha vyuma, amefungwa mikanda mabegani na kiunoni, na kando yake yuko mwelekezi anayemsomea kila kona kabla hajaiona. Barabara imefungwa, daktari yuko tayari na helikopta pia. Wewe una fulana, simu inayoita, na watoto watatu nyuma wakigombania chipsi.

Na hebu niseme neno kuhusu ule ustaarabu wetu wa kuwashiana taa. Dereva anatoka mbele, anakuwashia mara mbili, maana yake "polisi wako mbele na kamera". Unapunguza, unawapita ukiwa mpole kama kondoo, unainua mkono kushukuru, na baada ya kona unakanyaga tena. Watu huuita undugu. Mimi naona ni undugu wa ajabu, kumwonya mtu dhidi ya faini na kumwachia mauti. Isitoshe, dereva aliyezoea mchezo huo macho yake huwinda kofia za polisi kando ya barabara badala ya kuangalia anayevuka. Ukiona taa hizo na ukalazimika kukanyaga breki, tayari umepata jibu la kipimo chako: hukuwa ukijua uko katika ngapi, au ulijua.

Tena mbio zenyewe zinatupa nini? Kilomita 27 za Expressway, kwa 80, ni dakika 20. Kwa 120, ukibahatika usionekane na mtu, ni dakika 13 na nusu. Umeokoa dakika zisizofika saba, nazo utazimaliza Westlands kwenye foleni ukitazama mgongo wa matatu.

Nilitaja matatu. Abiria wa matatu, ambao wenye magari huwadharau, wana dawa ambayo wewe huna. Tangu zile sheria za hayati Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zilitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo vya 80. Wahuni walivichezea, hilo tunalijua. Baadaye zikaja zile karatasi za kubandika ndani ya gari zenye neno "Zusha!", zikimhimiza abiria asikae kimya dereva anapokimbiza gari. Watafiti waliozijaribu walikuta kwamba madai ya bima yalipungua katika magari yaliyobandikwa. Karatasi tu, na ndimi za watu!

Lakini katika gari la kibinafsi, hasa lile la mbio, nani huzusha? Mke hunyamaza kwa kuwa amewahi kujibiwa, "Unataka kuendesha wewe?" Rafiki aliyepewa lifti hunyamaza kwa adabu. Nyanya ameshika kiti kwa mikono miwili na anasali kimoyomoyo hadi Nakuru. Mwenye gari huudhani ukimya huo kuwa ni sifa.

Kabla ya kuwasha injini Jumamosi hii, waambie kwamba wana ruhusa. Unapoiacha barabara kuu kuingia mtaani, soma namba na usisikilize injini, walau kwa dakika kumi za kwanza, hadi ubongo urudi katika hali yake. Na kama mna safari ndefu, yupo msaidizi asiyelipwa ambaye hatakuonea haya. Mtoto wa Gredi ya Tatu anajua kusoma 110. Mfunge mkanda kiti cha nyuma katikati, panapoonekana dashibodi, na umwambie mshale ukigusa namba hiyo apige kelele apendavyo.