Cherehani Ichaguliwe na Oda, Si na Mkopo

Karibu kila mtu anayetaka kuanza kushona nyumbani huuliza: ninunue mashine gani? Kabla hajajibiwa vizuri, swali la pili liko mdomoni: kwa simu naweza kukopa kiasi gani? Kwa maoni yangu, maswali yote mawili yamekuja mapema. Lile la kwanza kabisa linafaa kuwa: nimeuza nini tayari, na nani amenilipa?

Nasisitiza hili kwa sababu cherehani isiyokufaa haikuonyeshi hasara siku ya kwanza. Haiozi kama nyanya. Inakaa tu sebuleni, imefunikwa leso, huku deni lake likitembea. Ukija kugundua, kodi ya nyumba na karo zimeshaguswa.

Kila mashine ina kazi yake

Ile cherehani nyeusi ya kukanyaga, Singer ama Butterfly, bado iko kwenye baraza za maduka mengi, na si ati mafundi wetu wamebaki nyuma. Inashona mshono mmoja tu, ulionyooka, lakini inaushona vizuri kwenye kitenge, pazia, khaki ya sare, hata jinzi ukibadilisha sindano. Haili stima. Vipuri vyake ni rahisi kupata na mafundi wengi wanaijua. Ukichoka kukanyaga, unaweza kuifungia mota ndogo baadaye.

Ile ndogo ya umeme ya kuweka mezani inashona zigizaga na matundu ya vifungo, na ukimaliza kazi inaingia chini ya kitanda. Ni nzuri kwa nguo za watoto, foronya na marekebisho madogo. Lakini nyingi zina sehemu za plastiki ndani. Ukiilazimisha kushona jinzi na turubai kutwa nzima, itachoka kabla yako.

Mashine ya kiwandani ndiyo inayowavutia wengi. Inaweza kufikisha mishono 5,000 kwa dakika. Lakini inakuja na meza yake ya karibu sentimita 120, haikunjiki, na ile ya kawaida inashona mshono ulionyooka peke yake. Kasi hiyo ina maana ukiwa na sare 200 za kumaliza. Kama unashona magauni matatu kwa wiki, muda wako unaishia kwenye kupima, kukata na kupiga pasi, na hapo mashine haikusaidii.

Ukiamua kuichukua, uliza mota yake ni ya aina gani. Ile ya zamani ya klachi inazunguka tangu unapoiwasha hadi unapoizima, hata wakati unatia uzi kwenye sindano. Ile ya servo inazunguka tu unapokanyaga. Kama unanunua stima kwa token, tofauti utaiona, na jirani wa chini ataisikia.

Halafu kuna ovaloki, inayokata na kufunga ukingo wa kitambaa usifumuke. Bila hiyo, fulana na sweta zinakuwa kazi ngumu. Lakini haichukui nafasi ya cherehani ya kawaida. Ni mashine ya pili, na ya pili inunuliwe na pesa za ya kwanza.

Tuchukue kazi moja: blanketi ya viraka

Tuseme unataka kushona blanketi za viraka vya kitenge, yaani kwilti: juu viraka, katikati pamba ya kujazia, chini kitambaa kizima, kisha unashonea tabaka zote tatu pamoja. Ukitafuta video utaona Wamarekani wakitumia mashine ya mkono mrefu inayoteleza juu ya fremu ya mita tatu na zaidi. Inapendeza sana. Lakini hicho ni chumba kizima, na wengi wetu tuna sebule ambayo pia ni jikoni na mahali pa watoto kusomea.

Shida yenyewe ya kwilti ni nafasi iliyo kati ya sindano na nguzo ya mashine. Kwenye cherehani nyingi za nyumbani nafasi hiyo ni kama sentimita 15 hadi 20. Kwilti ya kitanda cha sita kwa sita ni karibu sentimita 183 kila upande, kwa hivyo ukifika katikati, nusu nzima lazima uikunje na kuipitisha hapo.

Je, dawa ni kununua mashine kubwa? Si lazima. Wapo wanaoshona kipande kwa kipande: unamaliza tabaka tatu za mraba mdogo, kisha unaunganisha miraba hiyo mwishoni. Ama unaanza na mablanketi ya watoto, foronya za viti na vitambaa vya meza, ambavyo vinapita chini ya mashine yoyote. Ukiuza hivyo, utajua kama wateja wako wanaitaka hiyo kwilti ya kitanda kwa bei inayolipa jasho lako.

Tena, kwenye kazi hii meza ina uzito kuliko mashine. Kwilti ikining'inia upande mmoja, uzito wake unaivuta, mishono inakuwa mirefu na mifupi, na sindano zinavunjika. Sogeza meza nyingine nyuma na kushoto kwa cherehani ili kitambaa kilale juu yake. Huo ni msaada wa mbao tu, lakini unafanya mashine ya bei nafuu ionekane ya maana.

Pahali pa kazi ni sehemu ya mtaji

Tunatenga pesa zote za mashine na kusahau chumba. Anza na mwanga. Keti karibu na dirisha mchana, na usiku weka taa inayomulika sindano yenyewe. Mshono wa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi chini ya balbu ya sebule ni kazi ya kufumua kesho.

Pili, meza ya kukatia. Kitenge cha kawaida kina upana wa karibu sentimita 115, kwa hivyo ukikikunja katikati, meza ya sentimita 60 inakitosha. Iwe ya kufika kiunoni. Kukata ukiwa umepiga magoti sakafuni kunawezekana kwa wiki moja, lakini baada ya miezi sita mgongo utadai.

Tatu, stima. Pasi inakula umeme mwingi kuliko cherehani ndogo. Usiziweke zote mbili pamoja na birika kwenye ekstensheni moja hafifu. Nne, sindano na makasi viwe na sanduku linalofungika kama kuna watoto. Na zungumza na landilodi kabla mashine haijaingia mlangoni. Ni afadhali akukatalie sasa kuliko akufukuze Desemba ukiwa na oda za Januari.

Hesabu inayosahaulika ni ya muda

Tunapozungumza kuhusu mikopo ya simu, watu hugombana juu ya riba. Riba ni muhimu, lakini kwa mtu anayenunua mashine, kinachoumiza zaidi ni muda. M-Shwari, iliyoanza 2012, ilituzoesha mkopo wa siku 30. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilikuja na riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wake wa mtu binafsi ulipaswa kulipwa ndani ya siku 14. Mikopo ya namna hii inafaa mtu anayenunua leo na kuuza kesho. Mama mboga anaweza kuizungusha mara kadhaa kabla siku hazijaisha. Cherehani haizunguki hivyo.

Tupige hesabu ya mfano. Mashine ni shilingi 40,000. Ukitoa kitambaa, uzi na stima, kila nguo inakuachia shilingi 500. Unahitaji nguo 80 kuirudisha pesa yake. Ukishona tano kwa wiki, hizo ni wiki 16. Mkopo wa siku 30 utakudai ukiwa na shilingi 10,000 mkononi. Zile 30,000 zitatoka wapi? Ndipo mtu anakopa pengine kulipa hapa, na biashara inakuwa ya kulisha mikopo. Mashine ni nzuri na fundi ni hodari, lakini kalenda ndiyo iliyokataa.

Najua ni kampuni ya malipo inayochapisha maneno haya, na kila pesa inayotembea ina faida yake kwetu. Bado nasema: pesa ya siku 30 inunue kitambaa cha oda ambayo mteja amekwisha kulipia nusu. Pesa ya mashine itoke kwa akiba, chama, sacco, ama kwa muuzaji anayekubali ulipe polepole kwa miezi inayolingana na kasi yako.

Lakini si mashine kubwa huleta oda kubwa?

Hoja hii si ya kupuuza. Msimu wa sare za shule ukifika Januari, mwenye cherehani moja ya kukanyaga ataona kazi ikienda kwa mwingine. Lakini oda moja ya msimu si sababu ya deni la mwaka mzima. Ongea na fundi mwenye ovaloki ama mashine ya kiwandani, umlipe kwa kila kipande anachokufungia ukingo. Andika ulichomlipa. Siku malipo hayo ya mwezi yatakapokaribia kile ambacho ungelipia mashine yako mwenyewe, na yafanye hivyo miezi mitatu mfululizo, hapo nunua bila hofu.

Na usikisie. Tenga laini ama nambari moja ya kupokelea malipo ya kushona pekee, kisha kila mwisho wa mwezi utoe taarifa ya miamala. Hapo utaona kama pesa inatoka kwa pazia, kwa sare ama kwa zile kwilti. Sifa za marafiki hazionekani kwenye taarifa, na hiyo ndiyo faida yake.

Siku ya kununua, hasa ya mitumba, nenda na vitambaa vyako: kimoja chepesi, kimoja kizito. Shona mikunjo minne, geuza uangalie upande wa chini, sikiliza kama kuna kugonga. Uliza vipuri vinapatikana duka gani. Usitume hata shilingi kwa mashine uliyoiona kwenye picha tu. Ukiridhika, soma jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kubonyeza, dai risiti, na uhifadhi ujumbe wa malipo.

Cherehani ndogo yenye kazi kila siku itakununulia kubwa. Kubwa isiyo na kazi haijawahi kumnunulia mtu chochote.