Pua ya Mashine Haijui Kunuka na Kunukia

Lugha yetu imepambanua mambo kwa herufi chache. Mzoga wanuka, asumini yanukia. Mtoto wa Mvita au wa Lamu aijua tofauti hiyo kabla hajaingia chuoni. Leo mafundi wa ng'ambo wajitahidi kuzipa pua roboti, yaani mashine zinazojiendea zenyewe. Mimi nawaunga mkono, ila nina neno.

Kazi hiyo si nyepesi. Harufu haiji kwa mstari ulionyooka. Upepo huikatakata, mara ipo, mara haipo. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kijindege kisicho rubani, Smellicopter. Pua yake ni papasi la nondo, ambalo likisha kukatwa huweza kufanya kazi hadi muda wa saa 4. Kijindege kikipata harufu huelekea upepo unakotoka. Kikiipoteza huyumba kushoto na kulia kuitafuta, kama afanyavyo nondo mwenyewe.

Tazama basi! Binadamu na elimu yake yote amekwenda kuazima pua kwa mdudu. Na jirani zetu wa Morogoro je? Huko shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 huko Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020.

Penye bomu au gesi inayovuja, heri iende mashine kuliko kiumbe chenye roho. Kwa hiyo pua hizi zikikamilika, zianzie katika mashamba ya maskini yaliyotegwa mabomu, si katika maduka ya marashi.

Lakini tusiipe mashine cheo kisicho chake. Udi ni ule ule, ufukizwe harusini au mazikoni. Mashine itatoa jibu moja. Moyo wa mtu hautoi moja. Nabii Yaakubu aliisikia harufu ya Yusufu kabla kanzu haijamfikia, na waliokuwa naye hawakumwelewa. Ile haikuwa hesabu ya hewa, yalikuwa mapenzi ya mzazi.

Basi mashine na iwe shahidi, itwambie kuna nini hewani. Ukadhi, wa kusema hiki chanuka na hiki chanukia, utabaki kwetu wanadamu.