Kabla ya Wastani, Tusome Majani

Kila mwisho wa muhula chama chetu hutoa jaribio la Kiswahili, na kila mara swali la kwanza ni lile lile: wastani umekuwa ngapi? Namba moja inatajwa, kamati inaitumia kupanga madarasa ya muhula unaofuata, na mambo yanaishia hapo. Sisi wanachama tunaokutana Eagan, katika maktaba ya Wescott, tunaona namba hiyo haitoshi. Tunapendekeza kwamba kabla ya kutajwa wastani, alama zipangwe katika mchoro wa shina na majani, na mchoro huo usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 14 wamefanya jaribio la alama 100 na kupata: 84, 33, 90, 47, 31, 76, 42, 88, 36, 81, 45, 91, 40, 84. Tarakimu ya makumi ndiyo shina, na tarakimu ya mamoja ndiyo jani. Mashina tunayaandika kwa kushuka, tunachora mstari wima, kisha kila jani tunaliweka mbele ya shina lake, kuanzia dogo hadi kubwa:

3 | 1 3 6
4 | 0 2 5 7
5 |
6 |
7 | 6
8 | 1 4 4 8
9 | 0 1

Ufunguo: 3 | 1 ni alama 31.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Alama iliyojirudia huandikwa kila mara inapotokea, ndiyo maana 84 ina majani mawili. Shina lisilo na jani haliachwi, kwa sababu pengo nalo ni habari. Na majani yapewe nafasi sawa, ili urefu wa kila mstari uonyeshe idadi ya watu.

Sasa tusome. Wastani wa alama hizi ni 62. Lakini angalieni mashina ya 5 na 6: hayana hata jani moja. Hata mediani, ambayo hapa iko kati ya 47 na 76, ni 61.5, nayo imeangukia penye pengo. Watu saba wako chini ya 50, saba wako juu ya 75. Darasa linalopangwa kwa kiwango cha 62 ni nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu asiyekuwepo.

Mfano ni wa kubuni, ila mgawanyiko wa namna hii si mgeni kwetu. Hapa Minneapolis na Saint Paul wamo wenzetu waliolelewa katika nyumba za Wakenya, Watanzania na Wakongo, na wengine ambao familia zao za Kisomali zilipitia kambi za Dadaab na Kakuma. Hao wanaelewa mzaha wa Kiswahili kabla haujamalizika, lakini wengi wanahitaji msaada katika kuandika insha. Wamo pia walioanza na “hujambo” ubaoni, chuoni. Tukiwaweka wote katika darasa moja la katikati, wa kwanza wanachoka na wa pili wanapotea, na mwisho wa muhula tunajiuliza kwa nini viti ni vitupu.

Mchoro huu una faida nyingine kwa chama cha lugha. Tukisema “arobaini na saba”, tumetaja shina, kisha jani. Kiarabu husema kinyume: saba na arobaini. Nasi makumi yetu, kuanzia ishirini hadi tisini, tumeyatoa huko huko kwenye Kiarabu, ilhali moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu. Kwa hiyo “themanini na nne” ni shina la Kiarabu lenye jani la Kibantu, na mpangilio ni wetu wenyewe. Mwanafunzi anayechanganya sitini na sabini akisoma mistari michache ya mchoro kwa sauti atakuwa amefanya zoezi la namba bila kuambiwa kwamba ni zoezi.

Walimu wawili watatu wametuuliza: je, hamtamwaibisha aliyepata 31? Hoja hiyo ina uzito. Katika kundi dogo, jani lisilo na jina bado linaweza kutambulika. Kwa hiyo mchoro wa alama halisi ubaki kwa walimu na kamati, na sisi wengine tujizoeze kwa namba nyingine, kama vile dakika za safari ya kila mmoja kufika mkutanoni. Wengine watasema kompyuta inachora grafu za nguzo nzuri zaidi. Ni kweli, na kwa watu mia tano tungezitumia hizo, maana majani yangejaa ukurasa. Lakini nguzo huficha alama zilizomo ndani yake, na sisi ni wachache. Mmarekani John Tukey, aliyeupa mchoro huu umaarufu kwa kitabu chake cha mwaka 1977, alikuwa akihimiza watu wazitazame data zao kwa kalamu na karatasi kabla ya kukimbilia hitimisho.

Ombi letu kwa kamati ni dogo. Jaribio lijalo likishasahihishwa, ichukuliwe karatasi moja, yaandikwe mashina, yapangwe majani, ndipo yaamuliwe madarasa. Kama majani yatajikusanya katikati, darasa moja litatosha na tutanyamaza. Kama yatagawanyika pande mbili, basi tufungue madarasa mawili, hata kama mwalimu ni mmoja na itabidi apokezane siku.