Sehemu ya 6: Kamera ya Baba Neema, na kwa nini nimechagua nzito

Leo sisemi chanjo wala uji wa lishe. Nasema hela ya nyumba, maana wiki hii wawili wameniuliza: mume anataka kifaa cha kazi, hela ni kidogo, nimkubalie cha bei rahisi yaishe? Mimi jibu langu liko kwenye kamera ya Baba Neema.

Wanaotufahamu Kaoze wanajua ni mpiga picha. Paspoti na harusi anapiga kwa kamera ya kawaida. Ila picha za familia anapenda ile kubwa ya zamani, ya stendi ya miguu mitatu, mpigaji anajifunika kitambaa cheusi kichwani. Filamu yake si ya kuzungusha, ni kipande kimoja kimoja cha inchi 4 kwa 5, karibu kiganja kizima. Ukiikuza picha unaona hadi nyuzi za kitenge. Utasema simu inatosha. Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la kufulia na picha zote za Neema za mwaka wa kwanza. Negativu ziko kwenye bahasha kabatini, hazidai chaji.

Mara ya kwanza tulinunua nyepesi. Mpya, ya mbao nyembamba, inapendeza. Nasema ukweli, mimi ndiye niliyeshikilia ile, kwa sababu ya bei. Sasa njia yetu mnaijua. Sumbawanga mjini uko juu, kama mita 1,800, Juni unavaa sweta mbili. Unashuka Ntendo hadi Muze, ukifika bondeni umeshuka karibu mita 1,000, ni joto na vumbi tu. Kamera imefungwa nyuma ya pikipiki. Miezi michache skrubu zikalegea, na ule mkunjo mweusi unaofunguka kama kodiani ukapasuka kwenye pembe. Hatukugundua.

Ndipo akampiga picha bibi yake, yule aliyemlea. Bibi kakaa kwenye kigoda mlangoni, kajifunga kitenge kipya, hataki kucheka. Vipande viwili vya filamu. Vyote vikatoka na mwale mweupe umekatiza usoni. Tukasema tutarudia Pasaka. Bibi hakuifikia Pasaka. Msibani tuliweka picha ya kitambulisho imekuzwa, imefifia, hafanani hata.

Kwa hiyo safari ya pili hela ilipopatikana, milioni moja na laki mbili za kikoba na mpunga, tulibishana kweli. Yeye anataka nyingine mpya ya mbao, yenye sehemu nyingi za kupinda na kuinamisha. Mimi nikamwuliza, hivyo vya kuinamisha unavitumia kwa nani? Hivyo ni vya wapiga picha za majengo. Wewe unapiga mama na watoto wake wamekaa kwenye mkeka.

Tukaangukia Crown Graphic, ya Marekani, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1947 na kuachwa 1973. Waandishi wa habari ndio walizunguka nazo. Ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Haipindi sana, hilo nakubali. Lakini ukiikunja lenzi inaingia ndani na mfuniko unafunga, inabaki boksi. Kwa njia ya Muze mimi sihitaji maelezo mengine.

Kitu cha mitumba usikinunue kwa picha ya tangazo. Tulimwomba muuzaji video. Kwanza azime taa, aweke tochi ndani ya mkunjo: kila kitundu kinang'aa kama nyota. Kidogo kinazibika kwa kitambaa cheusi na gundi, pembe zikiwa zimeoza achana nayo. Pili afyatue shata kwenye sekunde moja. Mimi nikaihesabu kwa saa yangu ya mapigo; shata kuukuu hunata hapo, inachukua mbili au tatu, na picha inaharibika. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilinata, tukaiacha, Baba Neema akanuna siku mbili.

Hela nyingine weka kwenye miguu. Kamera nzito juu ya stendi ya plastiki ni mtoto juu ya stuli. Tulipata stendi kuukuu ya wapima ardhi, ya mbao, fundi wa kuchomelea akatutengenezea bolti ya kuunganisha. Lenzi nzuri zaidi itasubiri.

Na filamu je? Ghali, na huku haipatikani. Anatumia ya eksirei, ya kununua kwa wauza vifaa tiba, si ya kubeba hospitali, msije mkaniponza. Karatasi ya sentimita 24 kwa 30 inatoa vipande vinne, na unaikata chini ya taa nyekundu bila kuiharibu. Ina kero zake: inachubuka pande zote mbili, na haioni rangi nyekundu, kwa hiyo sura zetu zinatoka nyeusi kupita kawaida. Dawa yake ni kivuli cha wazi na kuipa mwanga zaidi.

Kama ada ya mtoto haijalipwa, mwambie asubiri, kamera haikimbii. Lakini kama mmeamua kununua, dada, usimbane mwenzio kwenye cha rahisi kama nilivyombana mimi. Jumamosi alimpiga mama mkwe wangu kwenye kigoda kilekile. Negativu nimeianika kwenye kamba ya nepi na kibanio, niko mlangoni nafukuza kuku.