Bwana Shamba Anasema: Herufi Nne za Kutafuta Kwenye Chupa



Siku moja ya soko hapa Mwika mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka kihambani kwake. Mibuni yake kama 30 ilikuwa na majani ya manjano, na machipukizi yamesinyaa. Migomba iliyo karibu nayo ilikuwa vivyo hivyo. Mzee akasema, "Bwana shamba, nilipiga dawa ya chulebuni wiki mbili zilizopita. Mbona kahawa yenyewe ndiyo inakufa?"

Nikamwomba chupa ya dawa. Akaileta kutoka stoo. Ilikuwa dawa ya kuua magugu! Mwanawe huitumia kwenye shamba la mahindi kule chini tambarare. Chupa zao mbili zilikaa pamoja, rangi moja na ukubwa mmoja.

Mzee huyu anajua kusoma. Alihitimu kisomo kama wewe. Lakini maandishi makubwa kwenye chupa ni jina la biashara tu, nalo halisemi dawa inaua nini. Neno linalosema hivyo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo, tena kwa Kiingereza. Kama kibandiko kina Kiswahili, soma hicho kwanza. Kama hakina, au kimechakaa, tafuta herufi hizi nne:

C I D E

Katika maneno yetu ya Kiswahili C haitembei peke yake. Huandamana na H: chai, chungu, kichwa. Hapa iko peke yake, na husomwa kama S. Herufi zote nne zikiwa mwisho wa neno hutamkwa "saidi". Nilipofundisha hivyo darasani, mama mmoja alicheka akasema, "Basi dawa hiyo inasaidia!" Inasaidia, mama, lakini kwa kuua. Kipande hicho cha neno kimetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake ni kukata au kuua.

Sisi katika Kiswahili tunaweka kuua mwanzoni mwa neno. Tunasema kiuagugu, kiuatilifu. Waingereza wanaweka kuua mkiani. Kwa hiyo ukiziona herufi C I D E, weka kidole hapo. Kisha soma herufi zilizozitangulia. Hizo ndizo zinazotaja kitu kinachouawa.

FUNGICIDE. Ondoa mkia, inabaki FUNGI, yaani kuvu au ukungu. Chulebuni na kutu ya majani ni magonjwa ya kuvu. Hii ndiyo dawa aliyoitaka mzee wetu. Na wewe uliyepanda aina mpya za kahawa ambazo watafiti wa Lyamungo walianza kuzitoa mwaka 2005, aina zinazostahimili chulebuni na kutu, usikimbilie kununua dawa hii. Fedha hiyo nunulia kitu kingine.

INSECTICIDE. INSECT ni mdudu. Dawa hii ni ya wadudu kama kimatira. Ukiipiga kwenye chulebuni, ugonjwa utaendelea kama kawaida.

HERBICIDE. Hapa simama! HERB ni mmea wa majani. Dawa hii inaua mimea. Nyingine huchagua mimea ya kuua, nyingine hazichagui kabisa. Mbuni ni mmea. Mgomba ni mmea. Nyingine huandikwa WEED KILLER, yaani muuaji wa magugu. Hiyo haina herufi zetu nne, lakini kazi ni ile ile.

Wenye ng'ombe mtaona ACARICIDE kwenye dawa ya kupe. Kwenye sumu ya panya mtaona RODENTICIDE. Kuna pia PESTICIDE, na neno hili limewadanganya wengi. Ni jina la viuatilifu vyote kwa jumla. Ni kama kumwuliza mtu jina, naye akakutajia ukoo. Ukiliona, endelea kutafuta neno jingine.

Mtoto wa sekondari anaweza kukuambia kwamba DECIDE nayo ina herufi hizo, na si sumu. Ni kweli. Maana yake ni kuamua, na imetoka katika Kilatini kile kile cha kukata. Nasi tunasema kukata shauri! Lakini neno hilo halitakupa taabu kwenye chupa.

Jambo jingine ni utepe wa rangi ulio chini ya kibandiko. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, na mwisho kijani. Rangi hiyo inaeleza hatari kwa mtu. Haisemi dawa inaua nini. Wapo wanaoona kijani wakadhani ni dawa ya kustawisha mimea. Zipo dawa za magugu zenye utepe wa kijani.

Na wale mnaonunua dawa kidogo kidogo, mkamiminiwa kwenye chupa ya soda, nawaombeni mwache. Chupa ya soda haina herufi za kutafuta. Mtoto mwenye kiu hataitafuta herufi yoyote.

Yule mzee tumemkatia mibuni iliyoharibika. Baadhi imechipua, mingine tumeing'oa. Sasa ana mabomba mawili ya kupigia dawa. La magugu limepakwa rangi nyekundu, na linakaa chini kwenye shamba la mahindi. Halipandi kihambani.

ZOEZI. Nenda stoo mchana, kukiwa na mwanga. Usifungue chupa yoyote. Nakili kwenye daftari lako kila neno lenye C I D E. Piga mstari chini ya herufi zilizotangulia, na mbele yake andika kwa Kiswahili kitu kinachouawa. Nawa mikono kwa sabuni. Chupa isiyo na kibandiko iandike "SIJUI", usiitumie, na ufike ofisini kwangu uniarifu.